Fundi Gidion Ajifunza Kupiga Yowe

Cheche ikimwingia Gidion Waisiko kiatuni, yeye kwanza humaliza kuchomelea. Mteja aliyesimama pale karakana yake, Matongo, atasikia harufu ya soksi inayoungua, atamtazama fundi usoni, na uso ataukuta umetulia kama wa mtu anayesubiri chai. Kazi ikiisha ndipo kiatu kinavuliwa, kinakung'utwa, kinavaliwa. "Geti lako tayari, mzee," anasema. Wageni huondoka wakitikisa vichwa. Wenyeji hawana la kushangaa, kwa sababu rika la Gidion lilifundishwa mapema kwamba mwanaume haonyeshi maumivu, na yeye alilishika fundisho hilo kuliko wote.

Mtu wa namna hiyo ungedhani hana masihara. Kumbe fundi huyu, mwenye mke na watoto wanne na ng'ombe saba na mashine mbili za kuchomelea, alikuwa amepagawa na mieleka ya Kijapani. Wala si mieleka ya kistaarabu. Ni ile wanayoiita pambano la kifo, ambako kamba za ulingo huondolewa ikafungwa seng'enge ya miba, na mtu mzima mwenye mama yake hubebwa juujuu akatupwa kwenye rundo la taa ndefu za mirija. Taa zinapasuka, vumbi jeupe linatimka, mgongo unachuruzika damu, naye anainuka kuipokea nyingine. Wakichoka na taa wanamwaga pini za kubandikia karatasi, maelfu, wanaangushana juu yake. Ukiuliza kisa cha ugomvi, hakuna. Wakimaliza wanainamiana na kupeana mikono.

Video hizo alizikuta ndani ya simu iliyotumika, aliyoinunua Sirari siku alipofuata vyuma chakavu. Mwenye simu wa kwanza alisahau kuzifuta, zote kumi na nne. Simu yenyewe ilikuwa imekufa spika, lakini picha zilikuwa safi, na Gidion hakujali sauti ya watu ambao lugha yao haijui. Jumapili baada ya kanisa vijana walijazana karakana, vichwa kumi juu ya kioo kimoja, redio pembeni ikipiga nyimbo za litungu, na fundi akiwaeleza nani ni nani.

Kilichomteka si damu. Damu aliizoea. Kilichomteka ni ukimya wa wale watu. Walipigwa, wakachanwa, wakachomwa, na hakuna aliyesikika akilalamika. Vinywa vilikuwa wazi, ndiyo, na mishipa ya shingo imesimama, lakini Gidion alielewa kwamba wanajigamba, jinsi wazee wa Kikurya wanavyojigamba ngomani wakitaja ng'ombe wa baba zao.

"Hawa ni ndugu zetu," aliwaambia vijana. "Hawa walitahiriwa vizuri."

Mke wake, Boke, alisema mtu akitaka kuchomwa miba aende akachunge mbuzi. Hakusikilizwa. Baada ya miaka miwili ya kutazama, Gidion aliunda kikundi cha wanaume sita, akachomelea ulingo wa chuma na mbao, akaweka matairi ya trekta chini yake ili unesenese. Kaptula na vinyago vya kuvaa usoni vilishonwa na Simioni, fundi cherehani, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, karibu na zahanati.

Na huyu Simioni lazima aelezwe vizuri. Yeye na Gidion walitahiriwa asubuhi moja, wakiwa wavulana, wamesimama mmoja nyuma ya mwingine mbele ya ukoo mzima. Simioni alitangulia. Akapepesa jicho, na sauti ikamtoka, nyembamba, fupi, mara moja tu. Gidion akafuata, akasimama kama nguzo ya umeme. Basi maisha ya wote wawili yakawa yamepangwa kabla ya saa ya chai. Gidion aliimbiwa nyimbo njia nzima mpaka nyumbani, na baba yake akampa ndama. Simioni akaitwa Filimbi.

Miaka ishirini na miwili baadaye alikuwa bado Filimbi. Nyama ikigawanywa alipewa wa mwisho. Rika likikaa kunywa, yeye alikaa mlangoni, palipo na upepo. Hata wateja wake waliita, "Filimbi yupo?" naye akaitika, tena kwa tabasamu, maana alikuwa amejifunza kucheka kabla wao hawajaanza. Gidion naye alicheka pamoja na wenzake. Ila siku nyingine, akiwa peke yake na mashine yake, lilimjia wazo kwamba ushujaa wake ulionekana mkubwa vile kwa sababu ulifuata mara moja baada ya aibu ya mwenzake. Wazo hilo hakulipenda hata kidogo. Alivaa miwani akaendelea kuchomelea.

Pambano la kwanza lilifanyika siku ya Nane Nane, kwenye uwanja wa mnada. Watu walifurika. Gidion alipambana na Marwa, kijana mchimbaji wa dhahabu mwenye kifua kama mlango. Gidion akampiga ubao mgongoni, ubao ukavunjika, Marwa akasimama palepale. Watu wakashangilia. Marwa akachukua taa ya mrija, ya kweli kabisa, iliyookotwa nyuma ya gesti, akaipasulia mgongoni kwa Gidion. Gidion akasimama palepale. Watu wakashangilia tena, kidogo. Ukaja ubao mwingine, ikaja taa nyingine, ukaja ubao wa tatu.

Hapo ndipo kila aliyekuwapo alipoanza kuelewa kwamba hakuna atakayeanguka. Nani aanguke? Mbele ya wake zao, mbele ya rika, mbele ya wakwe? Mwamuzi, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishwa kutoka Mbeya, alikaa na vidole vyake vitatu vya kumhesabia aliyeanguka, havina kazi. Baada ya nusu saa mama mmoja aliuliza kama wale wamepumzika. Watu wakaanza kwenda kununua mahindi ya kuchoma, na waliokwenda hawakurudi. Pambano liliisha kwa sababu Marwa alitakiwa kuingia shimoni saa kumi.

Aliyesifu alikuwa mmoja tu, baba yake Gidion, mzee Waisiko, aliyekaa mbele kwenye kigoda chake mwanzo hadi mwisho.

"Mmesimama vizuri," alisema. "Hakuna aliyenitia aibu."

Kutoka pale Gidion alikwenda zahanati kutolewa vioo mgongoni. Muuguzi alikuwa Kokushubira, Mhaya wa Bukoba, mwanamke mcheshi ambaye ulimi wake uliogopwa kuliko sindano zake.

"Inauma?" alimuuliza.

"Hapana, nesi."

"Hivi nyie mna nini? Mwaka wa nne huu nawashona, hakuna hata mmoja aliyeniambia inauma. Nashona kama nashona gunia! Mtu anakuja kidole kinaning'inia, ananiuliza kwanza habari za nyumbani." Akatupa kipande cha kioo kwenye bakuli. "Na hizo taa zina unga wa sumu ndani. Nikiona tena kioo cha kweli uwanjani naenda kwa mtendaji. Nimekwambia."

"Nimesikia, nesi."

"Halafu hao Wajapani mnaowaiga mbona wao wanalia?"

Gidion alicheka. Kilikuwa kicheko cha kumvumilia mtu asiyejua jambo. "Wajapani hawalii, nesi. Nimewatazama miaka miwili."

Kokushubira akavua glavu moja, akachukua simu yake, akatafuta kidogo, akamwekea mbele ya macho. Sauti ikajaa chumba chote. Yule mwanamieleka mwenye nywele za njano, ambaye Gidion alimtaja kwa watoto wake kama mfano wa kuigwa, alikuwa juu ya seng'enge akilia kama mbuzi aliyenaswa kwenye uzio. Na aliyemtupa akapigwa taa, naye akalia. Wakalia kwa zamu. Wakalia kwa pamoja.

Gidion akainuka kitandani, akaelekea mlangoni.

"Rudi hapa!" nesi alipiga kelele. "Uzi unaning'inia, sijafunga fundo!"

Siku tatu hakuwasha mashine. Boke alidhani ni kidonda. Siku ya nne alibeba vinyago vilivyochanika akavuka barabara kwenda kwa Simioni, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine pale kibandani, akamweleza aibu aliyoipata. Wajapani wanalia. Miaka miwili amekuwa akiwasifu watu kwa ukimya ambao ulikuwa ubovu wa spika.

Simioni hakuacha kukanyaga cherehani yake. "Mimi nilijua toka siku ya kwanza uliponionyesha."

"Ulijuaje? Hakukuwa na sauti."

"Ule mdomo naufahamu, mura. Mtu anayejigamba midomo haikai vile."

"Kwa nini hukusema?"

"Filimbi awaambie wanaume kwamba mashujaa wenu wanalia?" Simioni akacheka, kabla Gidion hajacheka. Kisha akaweka kitambaa pembeni. "Lakini wewe umewaelewa vibaya. Wale si kwamba wanashindwa kuvumilia. Wangeshindwa wasingerudi ulingoni siku nyingine. Ile kelele si ya yule anayelia. Ni ya mwenzake. Anamwambia kila aliyekaa pale: jamani, huyu ana nguvu, huyu kanipata. Sasa wewe na Marwa mlifanya nini? Kila mmoja alimwonyesha mwenzake kwamba kipigo chako si kitu. Mlidharauliana nusu saa nzima, watu wakaenda kula mahindi."

Simioni akamnyooshea Gidion futi ya mbao ya kupimia. "Nipige."

"Wapi?"

"Popote. Polepole."

Gidion akamgusa begani kwa ile futi, kama unavyofukuza nzi. Simioni akaruka kutoka kwenye kiti, akapindika hewani, akaanguka katikati ya vitambaa, akaachia yowe lililowatawanya kuku wa jirani. Miguu ikatetemeka. Mkono ukanyooka kuomba msaada, ukakosa, ukaanguka chini. Gidion mwenyewe, aliyeishika futi, alipiga magoti akihema, "Simioni! Simioni, nimekuumiza wapi?" Na kabla hajajibiwa, Kokushubira alikuwa ameshaingia mbio na mkasi na bandeji.

Simioni akafungua jicho moja. "Sikuguswa," alisema.

Nesi akatazama huyu, akatazama yule, akakaa juu ya marobota akacheka mpaka akajifuta machozi kwa bandeji ya serikali.

Kuanzia wiki hiyo, nyuma ya karakana, wanaume sita wenye misuli walifundishwa kulia. Ilikuwa kazi kuliko kuchimba dhahabu. Marwa alitoa sauti ya chura. Mwingine kila akilia aliomba radhi. Mmoja aliweza, ila tu akiwa amefunika uso kwa kofia. Simioni hakuwacheka hata mara moja, na hilo walilitambua wote bila kulisema. Aliwashika mbavu kuwaonyesha pumzi inatoka wapi, aliwaangusha mara mia juu ya magunia ya pumba, aliwafundisha kusubiri kidogo kabla ya yowe ili watazamaji nao wavute pumzi. Nesi naye aliweka masharti yake, yakatimizwa. Miba ya seng'enge ilikatwa yote kwa koleo, badala yake vikachomekwa vipande vya kandambili vilivyopakwa rangi ya fedha. Taa ziligeuka mabua ya majani ya mpapai, yaliyokaushwa na kupakwa chokaa, ndani yamejazwa unga wa muhogo. Damu ilikuwa juisi nyekundu nzito ya rozela ndani ya vifuko vya barafu.

Kufikia Desemba wote walikuwa wanalia vizuri sana, isipokuwa Gidion. Alifungua mdomo, shingo ikajaa, na kilichotoka kilikuwa kikohozi. Alijaribu karakana, alijaribu shambani katikati ya mihogo, alijaribu akiwa ndani ya pipa la maji. Kikohozi. Hata hivyo ni yeye aliyesimama kikundi kilipokutana kupanga pambano la siku ya pili ya Krismasi, akasema, "Pambano la mwisho litakuwa la mimi na Simioni. Na Simioni atashinda."

Wenzake wakatazamana. Marwa ndiye aliyesema: "Kaka, nani ataamini kwamba Filimbi amekuangusha wewe?"

"Wataamini Gidion akilia," Simioni alijibu. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Asipolia, nitakuwa nimepanda juu pale nichekwe na wilaya nzima. Kicheko cha sasa kitakuwa afadhali. Gidion, kama huwezi, sema leo. Nitashona nguo tu, sina kinyongo."

"Nitaweza," Gidion alisema. Aliporudi nyumbani alijaribu tena, akakohoa.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na uwanja ulijaa mpaka juu ya mapaa ya vibanda. Waliokuja mara ya kwanza walikuja tena, kwa ajili ya kucheka. Hawakujua kilichowapata. Marwa alitupwa kwenye seng'enge akalia kwa sauti nene, ya kuhuzunisha, akina mama wakasimama. Taa ya mpapai ikapasuka, pah! unga mweupe ukafunika safu nzima ya mbele, na rozela ikachuruzika. Watu waligombana wenyewe kwa wenyewe kuhusu nani ameonewa. Wauza mahindi waliacha majiko yao wakaja kutazama. Kokushubira, na koti lake jeupe, alikimbia kutoka kona hii kwenda kona ile akifunga bandeji watu wazima wasio na kidonda, uso wake wa huzuni kubwa, na kama kuna aliyefurahi kuliko wote siku ile ni yeye.

Kisha akaingia Simioni. Alikuwa amejishonea joho refu la kitambaa cha pazia, la maua mekundu, na kinyago kinachofanana nalo. Alipokivua kinyago, uwanja ukaangua kicheko. "Filimbiii!" Waliopiga miluzi walikuwa wengi, na walioanza walikuwa rika lake mwenyewe, wamekaa pamoja kivulini na mtungi wao. Gidion akaona jinsi Simioni alivyotabasamu haraka, kama alivyozoea.

Pambano likaanza. Gidion alimpiga, na Simioni akafanya kazi yake. Aliruka, alibiringika, alitambaa akitafuta kona, alipiga yowe la kwanza watu wakacheka, yowe la pili wakacheka wachache, la tatu hakucheka mtu. Bibi mmoja aliita, "Mwacheni mtoto wa watu!" Kila alipolia, Gidion alionekana mrefu zaidi, mkubwa zaidi, wa kutisha. Gidion mwenyewe aliliona hilo kwenye macho ya watu, na akaelewa anachopewa. Hakuna aliyewahi kumfanya shujaa namna ile, hata siku ya nyimbo na ndama.

Ikafika zamu ya kugeuza. Simioni akainuka kwa tabu, akachukua taa ya mpapai, akazunguka nayo, akampasulia Gidion kifuani. Pah! Unga ukatimka.

Gidion akasimama kama nguzo.

Hakukusudia. Mwili ulisimama wenyewe, kama ulivyosimama siku zote. Kicheko kikapasuka kutoka kivulini. "Filimbi, puliza tena!" Simioni akachukua taa ya pili. Pah! Gidion alifungua mdomo, akakohoa, akasimama. Uwanja mzima sasa ulikuwa unacheka, na pale mbele kabisa mzee Waisiko, kwenye kigoda chake, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Simioni akamshika Gidion kiunoni kana kwamba anataka kumwinua. Akaweka mdomo karibu na sikio lake. "Mura," alisema, "usinifanyie hivi tena."

Tena. Gidion alisikia neno hilo moja tu. Basi Simioni alijua. Miaka yote ile Simioni alijua nani alisimama nyuma yake asubuhi ile, na ukimya wa nani uliifanya sauti yake ndogo isikike mpaka leo. Hakuwahi kumlaumu. Alimshonea nguo, akacheka alipotakiwa kucheka.

Simioni akamwinua, akazunguka naye mara moja, akamtupa kwenye seng'enge. Na Gidion Waisiko akalia.

Halikuwa yowe alilofundishwa. Lilitoka chini kabisa, likapanda likikwaruza, na ndani yake mlikuwamo cheche zote zilizowahi kumwingia kiatuni, na nyundo zilizompata vidole, na msiba wa mama yake aliousimamia macho makavu. Lilikwenda, likaendelea kwenda. Kifuko cha rozela kikapasuka mgongoni. Akaanguka sakafuni kama gunia, Simioni akamlalia kifuani, na mwalimu mwamuzi, ambaye tangu Nane Nane alikuwa akiingojea nafasi hii, akapiga mbao kwa kiganja. Moja! Mbili! Tatu!

Uwanja ukawa kimya. Si kivulini, si juu ya mapaa, hakuna aliyetoa sauti. Kisha kigoda kikaanguka.

Mzee Waisiko ana miaka sabini na nane, na hakuna mtu pale Matongo aliyewahi kumwona akikimbia. Siku ile alikimbia. Aliruka kamba ya kuzuia watazamaji, akapanda ulingoni kwa magoti, fimbo juu, kofia imedondoka, akipiga kelele kwa sauti iliyokatika: "Simioni! Mwache! Simioni, unaniulia mtoto!"

Simioni aliona fimbo, akashuka ulingoni kwa mruko mmoja, mzee nyuma yake. Walizunguka ulingo mara ya kwanza, joho la maua likipepea. Walipoanza mara ya pili, mtu mmoja akapaza sauti, "Kimbia, Simioni!" Wa pili akamdakia. Walipomaliza mara ya tatu uwanja mzima ulikuwa umesimama, akina mama wakipiga vigelegele, watoto wakirukaruka, na wale wa kivulini wameacha mtungi wao wanapunga mikono, wote wakiita kwa pamoja, "Si-mi-o-ni! Si-mi-o-ni!"

Mzee akaishiwa pumzi. Akarudi ulingoni, akapiga magoti kando ya mwanawe, akampapasa mgongo kwa mikono miwili. "Wapi?" alisema kwa Kikurya. "Imekupata wapi, mwanangu? Nionyeshe."

Gidion hakuwahi kusikia sauti ile kutoka kwa baba yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hayakuwa ya mchezo. "Tata," alinong'ona, "usiogope. Ni rozela."

Mzee akatazama viganja vyake vyekundu. Akavinusa. Akagusa mwiba mmoja wa seng'enge, ukapinda chini ya kidole chake, laini, ukarudi ulivyokuwa. Akamtazama mwanawe, akautazama uwanja ule wote uliokuwa ukiimba jina la mtoto wa watu, akalitazama rika lililokuwa limemfikia Simioni na kumnyanyua. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha kuumaliza mchezo, na Gidion alifumba macho akilisubiri.

Mzee Waisiko akainua kichwa. "Nesi!" alipiga kelele, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Nesi, kimbia! Kijana ana nguvu za ajabu, amenivunjia mtoto!"

Kisha akainama kabisa, kana kwamba anamfuta damu, akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha Gidion.

"Lala hivyohivyo," alisema polepole. "Usiinuke upesi. Mwache mwenzako ashangiliwe."

Gidion akatii. Alilala palepale, kichwa kwenye mapaja ya baba yake, akalia kwa sauti kubwa, huku Simioni akizungushwa uwanja wote mabegani mwa rika lake.